Paa la kibarua linalipwa na nani?

Na Furaha Cirhuza

Nyuma ya nyumba kubwa zilizojengwa Muhumba, mtaa wa Bukavu, wakati wa Wabelgiji, mara nyingi kuna boyeri, yaani vyumba vidogo vya watumishi, na kuwapo kwake kunaonyesha hesabu iliyo wazi: mwajiri hujenga makao pale anapohitaji mikono ileile kila siku. Hesabu hiyo ndiyo iliyoisukuma kampuni ya Union Minière huko Katanga, kuanzia miaka ya 1920, kuwajengea kampi wafanyakazi pamoja na familia zao, kwa kuwa kuandika watu wapya kila mara, kuwasafirisha na kuwazika wengi wao kuligharimu zaidi.

Kibarua wa msimu, anayeajiriwa wakati wa mavuno tu, yuko nje ya hesabu hiyo. Kahawa ya arabika ya kandokando ya Ziwa Kivu huiva zaidi kati ya Machi na Juni, hivyo nyumba ya wachumaji ingekaa tupu sehemu kubwa ya mwaka huku bati likishika kutu, na ndiyo maana mwenye shamba huona nafuu kuchukua watu wa vijiji jirani na kuwalipa kwa kutwa. Lakini gharama ya makao haifutiki kwa kuondolewa kwenye daftari lake. Inahamia kwa kaya, na hasa kwa mwanamke ambaye, akishashusha kikapu cha kahawa, anakwenda kupalilia shamba la bwasa, yaani ardhi inayokodiwa kwa muda mfupi kwa desturi ya Bushi, nchi ya Washi, ambalo mavuno yake ndiyo yanayolisha watoto na kuziba paa linalovuja. Shamba dogo linalibeba shamba kubwa, na huo ni uonevu hata kama hakuna aliyeukusudia.

Sheria ya kazi ya Kongo, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inahesabu nyumba, au posho ya nyumba, nje ya mshahara wenyewe, yaani ujira wa kutwa hauhesabiwi kuwa umeshalipia paa, na kifungu chake cha 40 kinasema kwamba mfanyakazi wa kutwa aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Msimu mmoja wa kahawa unaweza kuzipita siku hizo kwa urahisi, hivyo mchumaji anayeitwa wa msimu anaweza kuwa mfanyakazi wa kudumu machoni pa sheria.

Kumdai kila mwenye shamba ajenge kampi ya msimu hakuwezekani. Kinachowezekana ni wenye mashamba makubwa, ya kahawa na ya chai, pamoja na vyama vya ushirika vya kahawa kuchangia nyumba za kutumiwa kwa zamu, na wasioweza kujenga walipe posho ya makao kwa siku, ikiandikwa peke yake kwenye karatasi ya malipo. Wakaguzi wa kazi wa mkoa waanze na madaftari ya mahudhurio ya msimu ujao, wakihesabu siku za kila jina.