Msifute picha ya asili

Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Alikuwa mwandishi wa televisheni ya Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, na siku hiyo alikuwa amekwenda kuripoti ufunguzi wa tawi la chama cha upinzani, CHADEMA. Picha zilizopigwa pale zilimwonyesha akiwa katikati ya askari waliomzingira. Kisha bomu la machozi likamlipukia mwilini. Alizikwa kwao Rungwe, hivyo msiba ulioanzia Iringa ukaishia kwenye ardhi ya Mbeya.

Wakati ule nilikuwa na studio ndogo Mafinga. Nilikuwa napiga picha za harusi, vipaimara na sendofu, kama ninavyofanya hadi leo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mimi si mwandishi wa habari na sijawahi kuwa. Lakini mtu akifa na kamera mkononi, kila anayekula kwa kamera anafiwa.

Julai 2016 Mahakama Kuu Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Picha zilikuwa na askari wengi. Aliyesimama kizimbani alikuwa mmoja. Wapo vijana wanaoniambia kwamba hiyo inatosha kuthibitisha kuwa picha hazina maana katika nchi hii. Siwakubalii. Picha zile zilikwenda kila gazeti, zikaoneshwa hata nje ya nchi, na hakuna aliyeweza kusema tena kwamba Mwangosi alikuwa peke yake alipokufa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilichunguza tukio hilo na kusema haki za binadamu zilikiukwa. Picha zilifanya kazi yao, na upungufu uliobaki ulikuwa wa watu.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi tukizungumza juu ya teknolojia na haki, tunazungumza juu ya kusambaza tu. Nani kaweka kwanza, nani kapata watazamaji wengi. Mimi nimeishi na picha muda mrefu na ninaamini kwamba nguvu ya picha mbele ya haki haimo katika kasi ya kusambaa kwake. Imo katika kutunzwa kwake.

Nilijifunza hivyo kwenye jambo dogo kabisa. Mzee mmoja kutoka kijiji cha jirani na Mafinga alinijia akitafuta picha za kipaimara cha binti yake, nilizozipiga miaka mingi nyuma. Hakuwa anamtafuta binti. Alikuwa anautafuta mti wa mparachichi uliokuwa nyuma ya meza ya keki, kwa kuwa jirani yake alidai mti huo haukuwahi kuwapo na mpaka ulipita kwingine. Nilikuwa bado ninayo memori kadi ya siku ile, ndani ya bahasha yenye jina na tarehe. Nikaitwa kwenye baraza la ardhi. Mwenyekiti hakuniuliza kama picha ni nzuri. Aliniuliza: uliipiga lini, baada ya hapo ilikaa wapi, na nani mwingine aliishika? Nilijibu yote matatu, na mzee akanishika mkono akasema, "Mwanangu, Mungu akutunze kama ulivyotunza." Kama ningekuwa na nakala ya WhatsApp peke yake, ningeshindwa swali la kwanza.

Maswali yale ndiyo yaliyomo katika sheria zetu. Sheria ya Ushahidi iliongezewa kifungu mwaka 2007 ili kesi za jinai zipokee picha za video na taarifa zilizotoka kwenye kompyuta. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyotumwa, na kama haikuguswa njiani. Mlango upo. Sisi ndio tunaofika mlangoni na picha iliyopita kwenye magrupu arobaini, haina tarehe, haina mahali, na aliyeipiga hajulikani. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuiondolea taarifa za saa na mahali zilizokuwa ndani yake. Ukiituma kama dokyumenti inakwenda nzima. Jambo dogo namna hiyo linaweza kuokoa ushahidi au kuupoteza.

Majirani zetu wa Kongo wametuonyesha inavyowezekana. Mwaka 2012 wapiganaji wa FDLR walishambulia vijiji vya Kamananga na Lumenje huko Kivu Kusini. Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi ya huko iliwahukumu makamanda wawili kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Miongoni mwa vielelezo vilikuwamo picha za majeraha na za makaburi ya pamoja, zilizopigwa baadaye kwa programu ya simu iitwayo eyeWitness, iliyoanzishwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha wanasheria chenye makao London. Programu hiyo hurekodi yenyewe saa na mahali, huweka alama inayoonyesha kama picha imeguswa, na huituma picha kwenye hifadhi salama, huku aliyeipiga akiweza kubaki bila jina. Picha hizo hazikuvuma mitandaoni. Zilitunzwa hadi siku ya kesi.

Wakenya nao, mwanzoni mwa 2008, nchi ikiwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, walijenga Ushahidi, ramani iliyokusanya taarifa za wananchi kwa ujumbe mfupi wa simu za kawaida. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zile, na simu za vitochi zilikuwa mashahidi.

Sasa nije kwetu Tanzania, kwenye jambo linalotuuma bado. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima na haikurudi hadi Novemba 3. Maandamano na vurugu vilifika miji mingi, Mbeya ikiwemo. Intaneti iliporudi, watu walipokea ujumbe wa polisi ukiwaonya wasisambaze picha na video zinazoleta taharuki au kudhalilisha utu wa mtu. Baada ya hapo niliona kitu ambacho sikukitarajia: vijana walikuja studio na simu zao wakiniomba niwafutie kila kitu, hata vile vilivyojificha. Walikuwa wanaogopa, na woga wao una sababu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 wanaijua.

Katika sehemu moja nakubaliana na ujumbe ule wa polisi, na nakubaliana nao kwa moyo wote. Maiti si kitu cha kurushwa kwenye magrupu. Mama hapaswi kujua kifo cha mwanawe kwa kuona mwili wake kwenye simu ya dereva wa bodaboda. Anayesambaza picha ya namna hiyo ili apate wafuasi anamuua marehemu mara ya pili. Lakini kuacha kusambaza ni jambo moja na kufuta ni jambo jingine. Anayefuta anamnyima mama yule yule njia ya kujua mwanawe alifia wapi, saa ngapi, na nani alikuwa amesimama mbele yake. Na hasara hiyo inakwenda pande zote. Askari aliyesingiziwa naye anaihitaji video nzima, isiyokatwa, kuliko mtu mwingine yeyote. Zama hizi za akili mnemba, ambapo sura ya mtu inaweza kubandikwa popote, muongo ataziita picha za kweli feki na feki ataziita za kweli. Aliye na faili la asili ndiye pekee atakayeweza kumjibu.

Kuzima intaneti nako kulitufundisha kitu. Simu isiyo na bando bado inarekodi. Kilichozimwa ni njia ya kupeleka, macho yalibaki wazi.

Rais aliunda tume ya kuchunguza matukio yale chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume huja na kuondoka. Kinachotakiwa ni mahali pa kudumu ambapo mwananchi wa Uyole au Igowole anaweza kukabidhi rekodi, akapewa risiti, na asigeuzwe mtuhumiwa kwa sababu ya kuwa nayo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kuitangaza njia hiyo kwa tangazo moja la wazi, lililobandikwa hadi ofisi za kata. Wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na sheria mwaka 2017, wanaweza kuwa wapokeaji vijijini. Klabu za waandishi za Iringa na Mbeya zina sababu kuliko wote ya kulidai jambo hili.

Mdude Nyagali, kada wa CHADEMA na mkosoaji wa serikali, alichukuliwa kwa nguvu nyumbani kwake hapa Mbeya Mei 2, 2025. Polisi walisema hawamshikilii. Maombi yalipelekwa Mahakama Kuu ili aletwe mahakamani, na hakuletwa. Mkewe alishuhudia, lakini neno la mke lisilo na picha linabishaniwa kirahisi mno. Kwa sababu hiyo nawaomba wenye studio wenzangu wa Mwanjelwa, Mafinga na Makambako: kijana akileta simu ifutwe, mwambieni kwanza ahamishe faili la asili kwenye memori kadi, aandike kwa mkono tarehe, saa, mahali na jina lake, aweke saini, na bahasha ikae kwa wakili au msaidizi wa kisheria anayemwamini. Kazi hiyo tuifanye bure.