Kaya Ikihama, Rekodi Ihame Nayo

Mfanyakazi akipewa simu na mwajiri wake, kinachofuata ni semina: bonyeza hapa, weka nywila hapa, tuma pale. Ni sawa, lazima tujifunze. Ila simu ya kazi huja na maswali yake, na aliyeyatunga alikuwa na nyumba fulani kichwani, nyumba yenye mlango na watu waliolala humo jana na watakaolala humo kesho. Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii hapa Hadado, Wajir Magharibi. Nyumba nyingi ninazozihudumia hupakiwa juu ya ngamia.

Simu hizi zilikuja na mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii ambao Rais William Ruto aliuzindua bustani ya Uhuru, Nairobi, Septemba 25, 2023. Wahamasishaji 100,000 kote nchini waliandaliwa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu, ya kupima sukari, kipimajoto, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kila mmoja wetu huhudumia kaya mia moja hivi, kwa posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti.

Nisieleweke vibaya: sitamani kurudi kwenye madaftari. Tulikuwa na MOH 513 la kuorodhesha kaya, MOH 514 la kuandika huduma, na fomu ya MOH 100 ya kumpeleka mgonjwa zahanati. Daftari la 513 ni kubwa, halikunjiki, na mbuzi wanalipenda kuliko majani ya mgunga. Mwisho wa mwezi tuliketi na kalamu kujumlisha safu moja baada ya nyingine. Sasa simu hujumlisha yenyewe. Haihitaji mtandao wakati wa kazi. Huko malishoni huweka kila kitu ndani, nami nikirudi mjini penye mtandao hutuma yote. Utepe ukisoma chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, hunitaka nimpe mtoto rufaa hapo hapo, kisha hunikumbusha kumfuatilia. Daftari halikuwahi kumkumbusha mtu jambo lolote.

Ugumu huanza kwenye tarehe. Juzi niliketi mkekani na mama aliyempakata mwanawe, nikamwuliza mtoto alizaliwa lini. "Deyr ya mafuriko," akasema, "tulipokuwa tunavusha mbuzi kwa kuwabeba." Kwa mtu wa hapa hilo ni jibu kamili. Deyr ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na mafuriko yale ni ya mwisho wa 2023, El Niño ilipotushukia baada ya misimu mitano mfululizo ya mvua kukosa. Simu lakini haijui Deyr. Inataka siku, mwezi na mwaka. Nikamwuliza tena: maji yalikuwa yanapanda au yameanza kukauka? Yalikuwa bado yanapanda. Tukakubaliana katikati ya Novemba.

Huenda msomaji akaona ni jambo dogo. Wazee wetu wengi vitambulisho vyao vinasema walizaliwa Januari 1, na wameishi vyema. Kwa mtoto hali ni nyingine. Utepe ule ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18. Mhamasishaji akibahatisha tarehe ili tu fomu ikubali kusonga mbele, simu itamwita mtoto kwenye chanjo kabla ya wakati au baada yake. Orodha ya misimu yetu, Gu, Hagaa, Deyr na Jilaal, pamoja na matukio ambayo kila mama anayakumbuka, ingewekwa ndani ya programu, tungepata umri ulio karibu na ukweli bila kubahatisha.

Kubwa zaidi ni kuhama. Ndani ya simu, kila kaya imefungwa kwenye kijiji kimoja na kwa mhamasishaji mmoja. Jilaal ikikaza, kiangazi cha Januari hadi Machi, familia hung'oa aqal, kibanda chao cha kuhamahama, na kufuata malisho, leo Lagbogol, kesho Arbajahan, na mwaka mbaya huvuka hadi Isiolo. Simu haina habari. Inaendelea kunionyesha kuwa siku za kumtembelea mjamzito fulani zimepita, na anayesoma ripoti akiwa ofisini ataniona mzembe. Hilo ningelivumilia. Lisilovumilika ni kwamba mama huyo akifika Arbajahan, mwenzangu wa huko humwandikisha upya kama mgeni asiye na historia. Wanawake wawili wamezaliwa kwenye mtambo kutokana na mmoja, na hakuna kati yao mwenye orodha kamili ya kliniki za ujauzito. Aliyekwisha kupimwa shinikizo la damu likaonekana liko juu anaanza upya kama mzima.

Na hesabu kwetu ni jambo zito. Sensa ya Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi kwa mara ya kwanza, ikaipa Wajir watu 781,263, na matokeo ya kaunti hizi zetu yamebishaniwa mahakamani. Ndiyo maana nikitoa simu mbele ya eeddo, shangazi mwenye umri wake, swali la kwanza huwa, "Mnatuhesabu tena?" Siku hizi ninaiweka mkekani skrini ikitazama juu, ninasalimu, ninauliza habari za mifugo na za watoto, ndipo ninaomba ruhusa ya kuandika. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinakwenda wapi. Kwa adabu za hapa pia ndivyo inavyostahili.

Mengine ni ya kawaida na dawa yake inajulikana. Jua la saa sita huifanya skrini iwe kioo cha kujitazamia. Chaji dukani kwenye sola ni pesa, na pesa hiyo hutoka kwenye posho ile ile. Maswali ya simu yangu ni ya Kiingereza na Kiswahili, nami huyauliza kwa Kisomali nikitafsiri papo kwa papo. Swali la kupanga uzazi ninaloliuliza mimi huenda si lile analouliza mwenzangu wa kijiji cha pili, ingawa majibu yote huingia kapu moja. Yaandikwe kwa Kisomali kilichokubaliwa, na yasomwe kwa sauti kwa yule asiyeona vizuri. Mwajiri anayetoa simu atoe na gharama ya kuiwasha.

Hilo la kuhama ndilo linalohitaji uamuzi. Mhamasishaji apewe uwezo wa kuikabidhi kaya, kwa idhini ya wenyewe, kwa mwenzake wa kule inakokwenda, badala ya kungoja mtu wa ngazi ya juu afanye mabadiliko. Wafugaji wetu wana kabambe, simu ndogo za vitufe. Namba ya simu ya mkuu wa kaya inatosha kuwa alama ya kuitafutia kaya kumbukumbu zake popote ifikapo. Tena njia za kuhama si siri. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa za kaunti zinazoeleza hata mifugo inaelekea wapi. Taarifa hizo zikiwafikia wahamasishaji wa upande wa pili, wageni watapokelewa na mtu anayejua nani ana mimba na mtoto yupi utepe wake ulisoma nyekundu.

Wanaosimamia mpango huu, serikali kuu na kaunti kwa pamoja, wawaite wahamasishaji wa maeneo ya wafugaji na watengenezaji wa programu kwenye meza moja kabla ya Jilaal ijayo. Nawe mfugaji unayesoma haya au kusomewa, kabla ya kung'oa aqal mwambie mhamasishaji wako unaelekea wapi, na ukifika huko, mtajie wa huko jina la kijiji ulikoandikishwa kwanza.