UCHAMBUZI: Saiba za Shika Adabu zahitaji muda zaidi wa Windows 10

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya bure ya kuziba kasoro za kiusalama katika Windows 10, mfumo endeshi iliouzindua Julai 29, 2015. Hakuna mashine iliyozimika siku hiyo. Mteja wa saiba ya Shika Adabu, huko Likoni, hangeona tofauti yoyote kwenye kioo, na hapo ndipo ulipo ugumu wa suala hili: hatari yake haionekani kwa macho.

Mfumo endeshi ndio programu kuu inayoziamrisha nyingine zote ndani ya tarakilishi. Kila mara wataalamu hugundua nyufa mpya ambazo wadukuzi wanaweza kupenya, na kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba nyufa hizo. Viraka vikikoma, nyufa hazikomi. Isitoshe, Windows 10 na Windows 11 ni ndugu wa damu, zenye sehemu nyingi za ndani zilizoundwa kwa namna moja. Kwa hivyo kiraka kinachotolewa kwa ajili ya mfumo mpya huweza kumwonyesha mdukuzi mahali pa kutoboa ule wa zamani.

Shika Adabu ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Likoni, kusini mwa kivuko cha feri. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba ni takriban Mkenya mmoja tu kati ya kumi aliyetumia tarakilishi. Hata hivyo, serikali imehamishia kwenye eCitizen huduma ambazo yenyewe inasema zimepita 20,000. Kijana anayetaka pasipoti ili akatafute kazi Ghuba, mwenye duka anayewasilisha marejesho ya ushuru kabla ya Juni 30, hata mkazi wa Shika Adabu anayesaka cheti cha tabia njema (na jina la mtaa halimpunguzii ada), wote hao huishia kwenye kiti cha saiba.

Mashine ilinunuliwa na mwenye saiba. Mfumo uliundwa na Microsoft. Agizo la huduma kwenda mtandaoni lilitoka serikalini. Lakini anayeacha nambari ya kitambulisho, PIN ya KRA na nywila yake mle ndani ni mteja, ambaye hakushirikishwa katika uamuzi wowote kati ya hiyo mitatu.

Ni kweli kwamba si kila wizi hupitia mfumo mkuukuu. Kuna mteja anayeondoka bila kufunga akaunti yake, na kuna nakala za vitambulisho zinazosahauliwa kwenye mashine ili kila ajaye azione. Lakini Mamlaka ya Mawasiliano (CA), iliyoripoti kunasa matukio zaidi ya bilioni 2.5 ya vitisho vya kimtandao kati ya Januari na Machi 2025, ilitaja mifumo kutotiwa viraka ipasavyo miongoni mwa sababu za ongezeko hilo.

Je, muda uliongezwa? Naam, uliongezwa, ila kwa masharti. Mtumiaji wa nyumbani alipewa nafasi ya kupata viraka hadi Oktoba 13, 2026 kwa dola 30, yaani takriban Sh3,900, au bila malipo iwapo angekubali kuhifadhi mipangilio ya mashine yake kwenye hazina ya Microsoft. Biashara na ofisi ziliwekewa bei nyingine: dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 mwaka wa pili na 244 mwaka wa tatu. Anayechelewa kujiunga hulipia pia mwaka uliompita. Jumla ya miaka yote mitatu ni dola 427, karibu Sh55,000 kwa mashine moja. Kiasi hicho kinapita bei ya tarakilishi nyingi za mitumba zinazotumika katika saiba zetu.

Kwa upande mwingine, Wazungu walitendewa vingine. Septemba 2025, baada ya shinikizo la chama cha kutetea wateja cha Euroconsumers, Microsoft ilikubali kuwapa watumiaji wa nyumbani katika nchi za Eneo la Uchumi la Ulaya mwaka huo wa ziada bure, bila sharti la kuhifadhi mipangilio kwenye hazina yake. Kilichowasaidia ni sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya pamoja na chama chenye sauti. Mkenya mwenye mashine ya aina ile ile, pengine iliyowahi kukaa juu ya meza ya ofisi huko huko Ulaya, aliachiwa masharti ya awali.

Haifai kumnyima mtengenezaji haki yake. Microsoft iliahidi miaka kumi na ikatimiza ahadi. Kutunza mfumo wa zamani hufunga mikono ya wahandisi ambao wangekuwa wakiimarisha mpya, na muda ukirefushwa bila kikomo hakuna atakayehama. Windows XP iliyotoka 2001 ilitunzwa hadi Aprili 8, 2014, na bado wengi hawakuwa tayari. Mei 12, 2017, virusi vya WannaCry vilipovamia zaidi ya tarakilishi 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza, kampuni hiyo ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP iliyokuwa imeshaizika.

Ila kisa hicho kina upande wa pili ambao watetezi wa nyongeza ya muda hawapendi kuutaja. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado ukihudumiwa, na kiraka chake kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Wenyewe hawakukiweka. Mwenye saiba anayenunua data kwa vifurushi hushawishika kuzima masasisho yasije yakammalizia kifurushi, na mtu huyo hata ukimwongezea miaka mitano haitamfaa.

Tatizo la Windows 10, hata hivyo, halitokani na uzembe peke yake. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa vichakataji vya Intel, kwa jumla kizazi cha nane kilichoanza kuuzwa 2017 au cha baadaye. Mashine nzima isiyo na kasoro hukataliwa mlangoni kwa sababu ya umri. Desemba 2023, kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kuwa tarakilishi milioni 240 duniani zingeweza kuishia jalalani kwa sababu hiyo. Nyingine zitasafirishwa kwingine. Wasafiri wa feri ya Likoni husubiri meli za makontena zipite kuelekea bandari ya Kilindini, na ofisi za ng'ambo zinapobadilisha mashine zao, Mombasa ni mojawapo ya milango ambamo mitumba hiyo huingilia.

Wapo wanaoshauri watu wahamie Linux, ambayo haina ada. Ubuntu, kwa mfano, hutunza matoleo yake ya muda mrefu kwa miaka mitano bure. Lugha nayo si kisingizio: Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye Kiswahili sanifu. Kikwazo ni mazoea, pamoja na fomu za serikali zilizosukwa kwa majedwali ya Excel. Mwenye saiba hawezi kumwambia mteja usiku wa Juni 30 kwamba fomu yake haifunguki.

Kwa maoni yangu, muda unastahili kurefushwa kwa miaka mitatu yenye kikomo, na anayepaswa kuudai ni serikali, si mwenye saiba mmoja mmoja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka kila anayeshughulikia taarifa za watu azilinde, na faini yaweza kufika Sh5 milioni. Itakuwa ajabu sheria hiyo imwandame mwenye saiba ya Shika Adabu na imwache aliyewaelekeza wateja wote kwake. Wizara ya Teknolojia ya Habari na Mamlaka ya Ushindani zina uzito wa kuketi na Microsoft, na zikishirikiana na majirani zetu wa Afrika Mashariki uzito huo utaongezeka.

Wala hazihitaji kubuni kiwango kipya. Shule zimekwisha kuwekewa bei yake: dola moja kwa mashine mwaka wa kwanza, mbili mwaka wa pili na nne mwaka wa tatu. Saiba zenye leseni za kaunti na zinazokubali kuwasha masasisho zinaweza kuombewa bei hiyo hiyo. Dola saba kwa miaka mitatu ni takriban Sh900.