Maji safi ku macho haitoshi, tuombe hesabu ya vyuma

Ndugu wafanyakazi na bamama wa nyumba, ku Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, kompani ikimaliza kuchimba foraji ku kartie tunaambiwa: maji ilipita ku labo, ni muzuri. Sisi wa sendika tunauliza: walitafuta nini ndani? Kama karatasi inaonyesha mikrobi tu, kazi imefanyika nusu.

Mikrobi inakufa ku moto na ku klore. Risasi (plomb), arseniki na kadmium haziondoke vile. Ukichemsha sana, maji njo inapunguka, chuma inabakia ndani ya sufuria. Na maji yenye risasi ao arseniki inaweza kukosa rangi, harufu na ladha.

OMS iliweka mipaka ku litre moja: risasi mikrogramu 10, arseniki 10, uranium 30, shaba miligramu 2. Lakini kwa kobalti haikuweka mupaka, na Kongo njo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia! Labo ikifuata liste ya OMS tu, itaacha chuma yetu sisi wenyewe. Tangu 2009, wanasayansi wa Lubumbashi na wa Leuven walionyesha kobalti mingi ndani ya mukojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na mashini za Katanga. Vumbi na chakula vinaiingiza pia, lakini maji tunakunywa kila siku.

Kwa hiyo delege waombe mambo ine. Moja, liste iandike kobalti, shaba, risasi, arseniki, kadmium, manganezi na uranium. Mbili, maji ipimwe mara mbili ku mwaka, kiangazi na wakati wa mvua. Tatu, chupa ijazwe mbele ya watu wa kartie, iandikwe jina ya kisima na tarehe, na labo itie asidi juu vyuma visishikame ku chupa. Ine, majibu ibandikwe ku foraji, na hesabu zake, kwa Kiswahili.

Wakisema franka hakuna, Code minier ya 2018 inaomba kompani kutosha 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya jamii. Na inasema mwenye mugodi analipa hasara iliyotoka ku kazi yake, hata kama hakuna kosa.

Ila bila hesabu ya mbele, kesho tutashitaki na nini? Kompani itasema maji ilikuwa vile tangu zamani. Tupime sasa, tuchunge karatasi.