Goma: Kompyuta haikukataa mtu, ni biro haikuhesabu

«Jina lako haliko kwenye kompyuta, rudi kesho.» Wakaaji wa Goma wamechoka na maneno haya. Tangu tarehe 22 Mei 2021, wakati Nyiragongo ilimwaga lava mpaka Buhene, na tarehe 27 gavana wa kijeshi Constant Ndima akaagiza kartiye 10 zihame, orodha ya majina imekuwa mlango wa msaada. Anayekosa jina anabaki inje.

Lakini kompyuta haikatai mtu. Inafanya ile iliyoambiwa.

Mfano ni programu ndogo ya Perl, lugha ya kompyuta ambayo Mmarekani Larry Wall alitoa mwaka 1987. Majina yote yako katika faili moja kubwa, kila mtu na mstari wake. Programu inasoma mstari, inaangalia kartiye, inafungua faili ya ile kartiye, inaandika, inafunga. Hapo ndipo kosa linaingia. Katika Perl, kufungua faili kwa alama > ni kufuta kwanza yote yaliyokuwemo. Kwa >> ni kuongeza chini. Kijana akisahau alama moja, kila mtu wa Ndosho anamfuta aliyemtangulia. Wanaingia watu 500, anabaki wa mwisho peke yake. Na mashine haipigi kelele: kwake kazi imekwisha vizuri.

Kosa lingine: mmoja ameandika Keshero, mwingine Kyeshero. Kartiye moja inapata faili mbili, na mkubwa wa biro anafungua moja tu.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wataalamu. Uongo! Mama muuza makala anahesabu magunia Kibati, anahesabu tena akifika soko la Virunga, wala hajui motere ya lori inafanya kazi namna gani. Biro nayo ihesabu mistari ya faili kubwa, kisha ijumlishe ya zile ndogo. Hesabu zikipishana, orodha isitoke. Programu ijaribiwe kwanza na mistari 10. Faili ya mwanzo isiguswe. Na hesabu zote mbili zibandikwe mlangoni, kila mtu azisome.

Asiyetaka kuhesabu asisingizie kompyuta. Mama aliyerudishwa mara tatu, mtoto mgongoni, hana deni la kulipia alama moja iliyosahauliwa.