MIZANI INALINDA LAMI, NANI ANAMLINDA DOGO WA MAJI?



Leo siandiki kuhusu katiba wala tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu tenki la maji juu ya kirikuu. Someni mpaka mwisho, mtaona ni siasa ile ile.

Mimi ni muuza maji. Kirikuu yangu ilikuwa inabeba tenki la lita 1,000 lililofungwa kwa kamba ya manila, na nyuma amekaa dogo anayenisaidia kuwapimia wateja. Siku moja tumeshauza kama nusu, tuko barabara ya Arusha, bodaboda ikanikatia mbele. Nikakanyaga breki, nikakata usukani. Maji yote yakahamia upande mmoja, kamba ikakatika, tenki likaondoka na bodi ya pembeni. Dogo aliruka akavunjika mkono. Tenki lingemwangukia, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Nikapigwa faini ya 30,000 kwa mzigo wa hatari. Nililipa, na nilistahili. Ila nilipouliza, "Afande, sasa mzigo salama wa maji unafungwaje?" nikajibiwa, "Funga vizuri." Basi. Hiyo ndo elimu niliyoipata kwa 30,000 yangu.

Hebu tufanye hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 1,000 ni tani nzima. Kirikuu, hizi Suzuki Carry zilizojaa kila kona ya Dodoma, huko Japani zimepimwa kubeba kilo 350. Toa uzito wa tenki na fremu, unabaki na kama lita 300. Madumu 15. Sisi tunabeba 50! Breki, springi na tairi havikutengenezwa kwa mchezo huo. Na ubaya wa maji sio uzito peke yake. Tenki lililojaa mpaka juu linatulia. Likibaki nusu, maji yanapiga kuta kama ng'ombe aliyefungiwa zizini, na ukikata kona yanakuvuta kule usikotaka kwenda. Ndo kilichonikuta.

Sasa njooni kwenye sheria. Afrika Mashariki tuna Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, na kwetu ilianza kutumika 2019. Inashika magari kuanzia tani tatu na nusu. Lori likizidisha, mizani inaliona, mwenye lori analipa. Vizuri kabisa. Lakini mizani ile imewekwa kulinda barabara. Kirikuu iliyobeba mara tatu ya uwezo wake haivunji lami, kwa hiyo inapita kama vile haipo. Lami ina mlinzi. Dogo wa maji hana.

Na hapa hapa Msalato unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2022, njia ya kurukia ndege ni kilomita 3.6. Siupingi. Lakini hakuna ndege itakayopaa pale kabla mzigo haujapigiwa hesabu: kilo ngapi, zimekaa wapi, zimefungwa na nini. Hakuna rubani atakayeambiwa "funga vizuri". Nje ya uzio wa uwanja huo huo, mtoto wa Mgogo anakalia tani moja ya maji iliyofungwa kwa kamba ya kufungia mbuzi.

Kwani tunabeba maji kwa starehe? TANU iliamua makao makuu yaje Dodoma mwaka 1973. Nusu karne imepita. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Walijua watu wanakuja, maana wao ndo waliowaita. Visima vya Mzakwe, vinavyolisha mji huu kwa miaka na miaka, viko upande huu huu wetu wa kaskazini, na bado majirani zangu wananunua maji kwa dumu. Bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria tunayasikia kampeni hadi kampeni. Hotuba hazijazi ndoo.

Baada ya ajali nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Tukaunda fremu ya skwea paipu, ikafungwa kwa bolti hadi kwenye chesesi, maana bodi ile ni bati tu. Tenki kubwa nikaliuza, nikaweka madogo mawili, ili maji yasipate uwanja wa kukimbilia. Yamekaa chini, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na mbele yake kuna kizuizi cha chuma kinacholinda kichwa cha gari. Juu nimepitisha mikanda ya kukazia mizigo, naikagua kila nikijaza. Nauza kutoka matenki yote mawili kwa usawa. Dogo sasa anakaa mbele, amefunga mkanda.

Natembea salama, lakini sasa nabeba lita 300. Safari zimekuwa zaidi ya tatu kwa kazi ile ile, na mafuta nanunua mimi. Nikipandisha bei, anaumia mama anayenunua dumu mbili. Nisipopandisha, naumia mimi. Mwenzangu anayebeba tani anauza rahisi, wateja wanamkimbilia. Usalama umegeuka hasara ya mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo serikali inatakiwa kuonekana.

Utawasikia wenzetu wa kijani: "Vijana wanapenda njia za mkato." Mkato gani? Mkato ni kuhamisha mji bila kuhamisha maji.

Tunadai hivi. Moja, mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema gari gani libebe lita ngapi na tenki lifungwe vipi, ubandikwe kila kituo tunapojazia. Mbili, ukaguzi wa bure kabla ya faini. Tatu, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya vijana, mikopo ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Sasa iwakopeshe wauza maji magari yanayobeba tani kihalali. Nne, na hili ndo kubwa, mabomba yenye maji, ili biashara yangu ife. Ndiyo, ife. Nitatafuta nyingine.

Na sisi makamanda tusisubiri. Kama una kirikuu, kesho asubuhi mshushe dogo huko nyuma. Hilo halihitaji kibali cha waziri.