Nafasi ya Inchi 1/16

Kiungo cha soketi kikipasuka katika bomba la meli, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Twataka neno hili lieleweke.

Bomba likisukumwa mpaka kugusa kitako cha soketi, kisha likachomewa, chuma hupata moto na kutanuka, nalo bomba halina pa kwenda. Nguvu yote huurudia mshono, ukafanya ufa, pengine ufa usioonekana kwa macho. Ndiyo sababu kanuni ya Marekani, ASME B31.1, yataka iachwe nafasi ya kadiri ya inchi 1/16 kabla ya kuchomea.

Mafundi wengi husukuma bomba mpaka mwisho, wakatia alama, wakalivuta nyuma. Njia hiyo yafaa. Lakini chini melini, mtu amelala chali penye giza, bomba huteleza likarudi ndani asijue. Iko pete nyembamba ya chuma, hutiwa ndani ya soketi kushika nafasi hiyo. Bomba likitanuka hubonyea, nayo huachwa humo humo.

Basi msimamizi anayehimiza kazi iishe leo alete pete kwanza, na mkaguzi apime nafasi kabla ya moto kuwashwa, si baada ya mvuke kumwunguza mtu.